Pua Imepata Uraia, Mimi Bado

Machipuko yangu ya sita hapa Torino, Italia, mwaka 2022, nilianza kupiga chafya. Si zile za mafua. Zilikuja saba saba, nane nane, macho yakavimba kama ya mtu aliyekesha msibani, na kila nilipopita chini ya miti ya platani iliyopangwa kando ya barabara kuu koo liliwasha mpaka nikatamani kulikuna kwa kijiko. Daktari wangu, mama mmoja asiyejua haraka, aliniuliza swali moja tu: una miaka mingapi hapa? Nikamwambia unakwenda wa sita. Akatikisa kichwa kama fundi aliyeujua ubovu wa gari kwa mlio wake. Wanaotoka mbali, alisema, hufika na pua safi. Hukaa wakiwacheka wenyeji wanaofuta machozi kila Aprili, kisha baada ya miaka kadhaa ya kuvuta chavua ile ile, mwili nao unaanza kuikataa kama miili ya wenyeji inavyoikataa.

Jioni nikampigia mama Iringa kumweleza.

"Maua? Maua gani hayo yanayomliza mtu mzima?"

Nikamwambia ni vumbi la maua ya miti, mama, wazawa wote hapa wanalo tatizo hilo.

"Basi mwanangu umeshakuwa wa huko," akasema, akacheka, akahamia habari za mahindi.

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kwa sababu kwenye makaratasi ni ya uongo. Pua yangu imekuwa ya hapa tangu 2022. Mimi mwenyewe, kwa hesabu ya sheria, siwezi hata kupeleka maombi ya uraia kabla ya 2029. Baina ya pua na jalada kuna miaka saba, na hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa kuanzia mahali ambapo wachambuzi wa siasa za uhamiaji hawaanzii: kwenye nguo za sufi, mboga za sokoni na vyuma vya kupasha joto.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili hakina neno la majira haya, yale ya kati ya baridi na joto, lililokaa vizuri mdomoni. Vitabu vya shule vilitupa "majira ya kuchipua". Wafasiri wengine huchomeka "masika", na msomaji wa Dar es Salaam akaona Jangwani imejaa maji badala ya miti iliyotoa maua. Neno linalokaribia wanalo watu wa pwani: tangambili, kile kipindi kati ya kaskazi na kusi ambapo upepo hauaminiki na nahodha hajui atweke tanga upande gani. Machi ya Torino ni tangambili kamili. Saa moja asubuhi kuna nyuzi joto tatu, unatoka umejifunga skafu hadi masikioni. Saa tisa mchana ni kumi na tisa, unabeba koti mkononi kama mfuko wa mkaa. Jioni upepo unashuka kutoka milima ya Alpi na unajuta.

Mgeni akidhani kwamba machipuko ni hali ya hewa, ataumia. Mimi niliumia miaka mitatu ya mwanzo. Machi 2018 ilitokea siku ya jua kali nikashuka ngazi na fulana ya mikono mifupi, na jirani yangu wa ghorofa ya pili, ambaye nitamwita Signora, yaani Bi, tu kwa sababu ndivyo ninavyomwita, akanizuia mlangoni kama askari wa lango la kambi. Akanitajia methali ambayo baadaye nimeisikia mara mia: Aprili usijivue, Mei polepole, Juni fanya utakavyo. Nikamwonyesha jua. Hakulitazama. Alinionyesha kalenda ya duka la dawa iliyobandikwa pale kwenye masanduku ya barua.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba watu wa hapa hawavai hewa, wanavaa tarehe. Kuna shughuli wanaiita cambio di stagione, kubadili majira: wikiendi moja ya mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei nguo zote za sufi zinafuliwa, zinatiwa dawa ya nondo, zinafungwa kwenye maboksi na kupandishwa juu ya kabati, na za kitani zinashushwa. Nyumba nzima inanuka lavenda. Ukipandisha mapema, baridi ikirudi utatetemeka. Na hata ukitetemeka, boksi halishushwi. Signora aliwahi kuvaa khanga niliyompa zawadi juu ya sweta mbili mwezi Mei badala ya kufungua boksi lililokwisha kufungwa.

Serikali nayo inavaa tarehe. Italia imegawanywa katika kanda za joto na baridi, na Torino iko kanda E: mitambo ya kupasha joto majumbani inaruhusiwa kuwashwa kuanzia 15 Oktoba mpaka 15 Aprili, isizidi saa 14 kwa siku. Baada ya hapo inazimwa, labda meya atoe amri ya kuongeza siku. Mwaka 2025 tarehe 15 iliangukia Jumanne ya Wiki Kuu. Alhamisi, tarehe 17, mvua ilishuka mkoa wetu wote wa Piemonte kana kwamba mbingu zimetoboka. Mto Po ukapanda rangi ya chai ya maziwa na kuzifunika Murazzi, zile kuta na njia za kando ya mto ambako vijana hunywa pombe wakati wa joto. Katika jengo letu vyuma vya ukutani vilikuwa vya baridi kama jiwe la kaburi. Ngazini watu waliilaumu mvua, wakaulaumu mto, wakamlaumu waziri mmoja asiyehusika kabisa. Tarehe hakuna aliyeilaumu.

Hapo ndipo nilipofikia hitimisho langu la kwanza. Machipuko katika mji wa Italia ni mapatano. Ni ratiba ambayo watu laki nane na zaidi wamekubaliana kuifuata bila kusaini popote, na mtu huwa mwenyeji kwa kiasi anachoishika ratiba hiyo. Lugha unaweza kujifunza darasani. Ratiba hujifunzi mpaka uikosee mbele za watu.

Niliikosea zaidi sokoni. Porta Palazzo, kwenye uwanja wa Piazza della Repubblica, ni soko kubwa la wazi ambalo wenyeji hupenda kukuambia hakuna linalolizidi Ulaya, na ukilizunguka Jumamosi asubuhi hutaki kubishana nao. Upande mmoja meza za Wamoroko na nanaa zao, mafungu makubwa kama mafagio. Pembeni maduka ya Wachina. Mitaa ya nyuma utapata ndizi za kupika, mihogo, bamia, mpaka mchicha ukiwa na bahati. Ndani kabisa kuna paa la chuma wanaloliita la wakulima, ambako watu wa vijijini karibu na mji huleta walicholima wenyewe. Hapo ndipo darasa. Mwishoni mwa Machi kunakuja mboga nyembamba kama nyuzi za kijani, imefungwa mafungu na mizizi yake myekundu, jina lake ndevu za mtawa. Wiki tano, sita, imeondoka. Asparaga wa Santena wanaingia Aprili, anayeuza huvunja mmoja mbele yako, na asparaga akilia "tak!" ni wa asubuhi hiyo. Maharage mabichi ya fava hupishana na njegere. Stroberi. Halafu, Mei inapokaribia mwisho, cheri za Pecetto, kijiji cha juu ya kilima, na bei yake ya siku ya kwanza ni ya kuogopesha.

Mwaka wangu wa kwanza niliuliza artichoki mwezi Juni. Muuzaji, mzee mwenye vidole vyeusi vya udongo, alinitazama kwa huruma, kama niliyeulizia ndugu wa marehemu habari za marehemu.

Na niliadhibiwa kwa ugali pia. Piemonte wanapika polenta, unga wa mahindi ya njano unaosongwa polepole kwenye sufuria ya shaba, binamu halisi wa ugali wetu ingawa mlegevu zaidi. Signora anaupenda. Lakini aliponikuta nasonga ugali siku ya joto mwezi Mei alisimama mlangoni amepigwa na butwaa. Kwao hicho ni chakula cha majira ya baridi, cha kuliwa na mchuzi wa nyama huku nje kuna ukungu. Nilimwambia kwetu tunakula mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, mchana na usiku. Alifikiri, akauliza kama tunakosa mboga. Nimeishika ratiba yao yote, lakini kwenye ugali sitengui msimamo.

Sasa tutazame ratiba hiyo kwa upande wa chini, maana kalenda ni kama zulia, ina upande wa maua na upande wa mafundo. Machipuko ya Italia ni msimu wa sikukuu: Pasaka, Jumatatu ya Pasaka ambayo kila mtu huenda kuchoma nyama nje na karibu kila mwaka huwanyeshea, 25 Aprili, 1 Mei, 2 Juni. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, watu huchukua na Ijumaa, wanaita "daraja". Mwaka 2025 sikukuu ya Mei Mosi ilikuwa Alhamisi na ile ya 25 Aprili Ijumaa, kwa hiyo aliyejua kupanga likizo alitoka Jumamosi ya Pasaka akarudi kazini mwezi Mei.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hakuna daraja kule. Wazee hawali kwa msimu, hawaogi kwa msimu, na wanao wao, ambao ni watu wazuri, wako ufukweni Liguria wanakula asparaga. Angalia orodha ya zamu ya 21 Aprili usome majina: Peru, Romania, Nigeria, Moroko, Iringa. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaolala kwenye nyumba za watu kuwahudumia bibi na babu. Katika kazi za majumbani Italia walio wengi ni wageni. Daraja la mwenzio limejengwa mgongoni kwako. Sisemi hivi kwa kinyongo, zamu ya sikukuu inalipwa zaidi na karatasi ya mshahara haina mzio. Nasema kwa sababu mjadala wa "je, wageni hawa wanayajua maisha yetu?" unafanywa na watu ambao machipuko yao yameshikiliwa na wageni hao hao. Jembe tulishapewa. Siku ya tatu ilipita zamani.

Pasaka ile ya 2025 ilikuwa tarehe 20, na asubuhi iliyofuata, nikiwa kazini, habari zikaja kwamba Papa Francis amefariki. Torino iliguswa kwa namna yake: baba yake Papa alizaliwa mji huu, na ukoo ulitoka Portacomaro, kijiji cha Asti, saa moja kutoka hapa. Mzee mmoja wa ghorofa yetu ya kwanza aliomba asukumwe mpaka uani, akakaa kwenye kiti cha magurudumu akitazama mti wa cheri uliokwisha kupukutisha maua. Hakuna alichosema, na mimi sikumwuliza.

Serikali ikatangaza siku tano za maombolezo, na waziri mmoja akasisitiza kwamba sherehe za 25 Aprili zifanywe kwa "kiasi". Neno hilo lilizua zogo, maana 25 Aprili ya mwaka ule ilikuwa ya 80 tangu ukombozi dhidi ya ufashisti na ukaliaji wa Wajerumani mwaka 1945, na wengi waliona maombolezo yametumiwa kama kisingizio cha kuifunika siku ambayo baadhi ya watawala hawaipendi. Hapa Torino huhitaji gwaride ili kuikumbuka. Mji mzima una vibao vya mawe ukutani vyenye jina la kijana, umri wake na siku aliyopigwa risasi mahali pale pale. Kimoja kiko mita thelathini kutoka kwenye kituo changu cha basi. Mwaka mzima ni jiwe tu. Aprili ikifika kinavikwa shada la majani, na wiki mbili baadaye majani yamekauka, yamegeuka rangi ya tumbaku, na hakuna anayeyaondoa.

Mwaka ule nilimsimulia mfanyakazi mwenzangu kijana, aliyezaliwa Torino, wazazi Wasomali, habari za Giorgio Marincola. Hakuwahi kumsikia shuleni. Marincola alizaliwa Somalia mwaka 1923, mama Msomali, baba Mwitalia. Akajiunga na wapartizani, wapiganaji wa upinzani dhidi ya ufashisti, akapigana katika eneo la Biella, hapa hapa Piemonte, akauawa na Wajerumani 4 Mei 1945, siku mbili baada ya majeshi yao nchini Italia kusalimu amri. Alitunukiwa medali ya dhahabu ya ushujaa baada ya kufa kwake. Kijana yule alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo lingefaa kuulizwa bungeni: alikuwa na uraia? Alikuwa nao, kwa sababu baba yake alimkubali. Yeye mwenyewe, mzaliwa wa mji huu, alisubiri mpaka atimize miaka 18 ndipo aombe, na sheria ilimpa mwaka mmoja tu wa kufanya hivyo.

Sheria yenyewe ni namba 91 ya mwaka 1992. Mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya anahitaji miaka kumi ya makazi ya kisheria isiyokatika. Mwananchi wa nchi ya Umoja wa Ulaya, minne. Mkimbizi, mitano. Na kumi si kumi: ukishapeleka maombi, ada ya euro 250 na cheti cha lugha, wizara ina miaka miwili, inayoweza kurefushwa hadi mitatu, ya kukujibu. Kitu ambacho wapiga debe wa sheria hii hawapendi kukitaja ni kwamba sheria iliyotangulia, ya mwaka 1912, enzi za mfalme, ilidai miaka mitano. Nchi ilipokuwa maskini na watu wake wakimiminika kwenye meli kwenda Buenos Aires, iliona mitano inatosha. Ilipotajirika na kuanza kupokea watu, ikaongeza mara mbili.

Halafu kuna suala la kuhesabu. Mimi nilifika Septemba 2016, nikalipa kodi ya nyumba, nikanunua asparaga, nikakosea artichoki. Lakini mwenye nyumba wangu wa kwanza hakutaka niandikishwe makazi kwenye anwani yake. Alikuwa na sababu zake, nyingi zikihusu mamlaka ya mapato. Kwa hiyo daftari la manispaa linanitambua kuanzia 2019. Misimu yangu miwili ya mwanzo, ile fulana ya Machi, kalenda ya duka la dawa, vyote havikutokea kisheria. Nikihamia nyumba nyingine nisiandikishwe kwa miezi kadhaa, hesabu inakatika. Ndiyo maana napinga wanaosema miaka kumi ni kipimo cha uvumilivu na mapenzi kwa nchi. Kinachopimwa ni bahati yako kwa wenye nyumba.

Machipuko ya 2025 yaliyaweka haya yote mezani kwa wakati mmoja. Tarehe 28 Machi serikali ilitoa amri ya kubana uraia wa damu. Kabla ya hapo, mjukuu wa mjukuu wa Mwitalia aliyehamia Brazili au Argentina aliweza kudai pasipoti bila kikomo cha vizazi, hata kama hajawahi kuuona mto Po wala hajui kuagiza kahawa. Sasa kimsingi ni mpaka mzazi au babu na bibi. Nilisoma habari hiyo nikicheka peke yangu kwenye tramu, maana kwa miaka yote hiyo kulikuwa na mtu Brazili ambaye ni Mwitalia asiyejua, na mtu Torino anayepiga chafya kwa Kitaliano ambaye si.

Siku mbili baadaye, Jumapili 30 Machi, ilikuwa Idi, na pia usiku ule saa zilisogezwa mbele saa moja, kama zinavyosogezwa kila Jumapili ya mwisho ya Machi. (Hata 2020, watu tumefungiwa ndani kwa amri, saa zilisogezwa tarehe 29.) Jirani zangu Wamisri walilalamika kwamba baada ya mwezi mzima wa kuamka alfajiri, serikali imewaibia saa moja ya usingizi siku ya sikukuu. Swala ya Idi huswaliwa Parco Dora, bustani iliyotengenezwa kwenye kiwanda cha zamani cha chuma: paa kubwa limebaki, kuta hazipo, nguzo nyekundu ndefu kama minazi, na chini yake maelfu ya watu na kanzu zao na mikeka. Mimi ni Mkristo, nilikwenda kwa ajili ya tende na salamu. Ukisimama pale unaona Torino ilivyo, mji ambao takriban mkazi mmoja kati ya saba ana pasipoti ya nchi nyingine. Saa tano asubuhi kanzu zile zile zilikuwa Porta Palazzo zinachagua stroberi.

Nina tarehe moja ya kwangu katika kalenda hii. Mara ya kwanza nilipoingia kanisa la Consolata, hatua chache kutoka sokoni, nilikuta picha ya Bikira Maria ile ile iliyokuwa ukutani kwenye kanisa letu Iringa. Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa hapa na Giuseppe Allamano mwaka 1901, walifika Kenya 1902 na Iringa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Sikukuu yao ni 20 Juni. Siku hiyo Torino ni joto la kuvua viatu na maandamano hupita mitaani na mishumaa. Iringa ni baridi ya kipupwe, mama amejifunika blanketi. Ndiyo siku pekee ambayo mimi na mama tuko kwenye ukurasa mmoja wa kalenda. Kila mwaka huniuliza kama na huku wameimba.

Kisha ikaja kura ya maoni ya nchi nzima, 8 na 9 Juni 2025. Maswali matano, manne ya kazi na moja la uraia, karatasi yake ya njano: je, miaka kumi irudishwe kuwa mitano? Ili kura iwe halali, lazima zaidi ya nusu ya wenye haki wajitokeze. Waziri mkuu Giorgia Meloni alitangaza kwamba atakwenda kituoni lakini hatachukua karatasi, na ndivyo alivyofanya. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 30. Kati yao, karibu asilimia 65 walisema ndiyo kwenye swali la uraia, ilhali kwenye maswali ya kazi ndiyo ilikuwa karibu tisini.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya kufikiri kuliko kushindwa kwenyewe. Ina maana kuna watu waliokwenda kituoni, wapiga kura wa vyama vya wafanyakazi, watu wa mrengo wangu, waliotaka mfanyakazi asifukuzwe ovyo lakini hawakutaka mfanyakazi huyo awe mwenzao baada ya miaka mitano. Wengine watakuwa wamesema hapana kwa hofu, wengine kwa sababu wanaamini uraia ni kitu kizito kisichopaswa kwenda haraka. Hoja hii ya pili naiheshimu. Mimi pia sitaki pasipoti itolewe kama tiketi ya daladala. Lakini uzito hauongezwi kwa kurefusha foleni. Ungeongezwa kwa kuuliza swali ambalo Signora aliniuliza tangu 2018 na ambalo wizara haijaniuliza hata mara moja: unajua leo ni tarehe ngapi, na tarehe hii huku tunafanya nini?

Jumapili ile ya tarehe 8 nilimsindikiza yeye kupiga kura, maana shule yenye kituo ina ngazi na goti lake la kulia halimsikilizi. Joto lilikuwa limeshapanda. Alivaa gauni la kitani lililotoka kwenye boksi, limekunjika mistari ya mwaka mzima ambayo pasi haikuweza kuiondoa, na mkononi alishika kadi yake ya mpiga kura, ya karatasi, imejaa mihuri kama kadi ya kliniki. Mlangoni askari alinitazama, nikamwambia mimi nasubiri hapa. Akanipa Signora mkoba wake nimshikie.

Nje ya shule kuna miti ya tilia, na Juni ndiyo inayotoa maua. Harufu yake tamu inakufuata mpaka ndani ya tramu. Nilisimama kivulini dakika kumi. Watu waliingia na kutoka wachache wachache, wengi wao wazee. Kisha pua ikaanza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkoba wa Signora ukitikisika kwapani, leso ikiwa nyumbani.

Bwana mmoja alikuwa anashuka ngazi, ametoka kupiga kura, anarudisha kadi yake mfukoni. Hakuniangalia usoni hata kidogo.

"Salute," akaniambia, kama wanavyomwambia kila anayepiga chafya, akapita.

"Grazie," nikamjibu, na ya nne ikaja.